Mjukuu wetu ni njiti, mama yake anatoa matone tu: tumpe maziwa ya mama mdogo wake?

Habari za kazi wataalamu,

Mimi ni bibi, naishi Tukuyu, Rungwe. Binti yangu mkubwa amejifungua kwa upasuaji wiki moja na siku mbili zilizopita, mimba ikiwa na wiki 31, kwa sababu presha ilipanda ikagoma kushuka. Mtoto ni wa kike, alizaliwa na gramu 1450, juzi wamempima ana 1400. Amelazwa hospitali Mbeya na analishwa kwa mrija wa puani.

Shida ni maziwa. Binti anakamua mara nne kwa siku, kila mara anapata mililita kumi au pungufu. Kinachobaki mtoto anaongezewa maziwa ya kopo ya watoto njiti. Tangu waanze kumwongezea, tumbo linajaa gesi, na mara mbili wamesimamisha kumlisha kwa saa kadhaa.

Mdogo wake binti naye ananyonyesha, mtoto wake ana miezi mitano, na ana maziwa mengi mpaka yanalowesha nguo. Yuko tayari kukamua alfajiri hapa Tukuyu, tuyatie kwenye chupa yaende na kosta ya kwanza. Nesi alikataa, na hakupata nafasi ya kutueleza kwa sababu wodi ilikuwa imejaa. Upande wa baba wanasema tunajisumbua bure, nyumbani kuna ng'ombe wa maziwa, tuchanganye na maji ya moto nusu kwa nusu kama walivyokuzwa wao.

Nimesikia nchi nyingine kuna benki za maziwa ya akina mama, watu wanachangia kama damu. Naomba kujua: hayo maziwa ya kuchangiwa yanamsaidiaje mtoto asiyeweza kunyonya? Kwa nini ya mama mdogo yasifae, wakati sisi zamani tulinyonyeshana watoto na wakakua? Na je, maziwa ya binti yangu ndiyo basi tena?

Bibi wa Njiti, Tukuyu

*

Shikamoo bibi, na pole kwa safari za Tukuyu na Mbeya.

Tunaanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye haraka. Maziwa ya binti yako hayajaisha. Siku ya tisa ni mapema mno kusema hivyo, hasa kwa mama aliyejifungua kabla ya wakati, kwa upasuaji, na mwenye presha. Kila moja kati ya hayo matatu linaweza kuchelewesha maziwa kushuka. Neno lililotushtua kwenye barua yako ni "mara nne". Titi hutengeneza maziwa kulingana na yanavyotolewa. Likikaa limejaa, utengenezaji hupungua wenyewe, na wiki mbili za kwanza ndizo ambazo titi linapangiwa kiwango chake. Mtoto aliyetimia humwamsha mama yake mara nane hadi kumi na mbili kwa siku kudai titi. Njiti hawezi. Amelala na mrija, hana nguvu ya kulia, kwa hiyo mkono wa mama ndio unaotakiwa kudai kwa niaba yake.

Ratiba iwe hivi: saa 11 alfajiri, saa 2 asubuhi, saa 5, saa 8 mchana, saa 11 jioni, saa 2 usiku, saa 5 usiku na saa 8 usiku. Hiyo ni mara nane. Ile ya saa 8 usiku ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo ya thamani zaidi, kwa sababu homoni inayotengeneza maziwa hupanda usiku. Akishindwa kabisa kuamka, muda mrefu wa kupumzika usizidi saa tano, na usiwe zaidi ya mara moja kwa siku.

Namna ya kukamua kwa mkono. Anawe kwa sabuni. Chombo kiwe kikombe chenye mdomo mpana, kimeoshwa kwa sabuni na kuchemshwa. Aweke kitambaa cha uvuguvugu kwenye titi dakika mbili tatu, alikande taratibu kutoka pembeni kuelekea kwenye chuchu. Kisha kidole gumba kiwe juu na vidole viwili chini, sentimita mbili tatu nyuma ya chuchu, karibu na ukingo wa ile sehemu nyeusi. Asukume kwanza kurudi nyuma kuelekea mbavuni, halafu abane vidole vikutane, aachie. Asukume, abane, aachie. Dakika moja mbili za mwanzo huenda kisitoke kitu. Wengi hukata tamaa hapo. Yakianza kupungua titi moja, dakika tatu hadi tano, ahamie jingine, arudi tena kwenye la kwanza, jumla dakika 20 hadi 30. Azungushe vidole ili pande zote za titi zikamuliwe.

Makosa yanayojirudia ni mawili. La kwanza ni kuvuta chuchu yenyewe: inauma, inachubuka, na maziwa hayatoki kwa sababu hayakai kwenye chuchu. La pili ni kuteleza na vidole juu ya ngozi kama mtu anayekamua mbuzi. Vidole vikae pale pale, kinachosogea ni nyama ya titi.

Tena akamue akiwa karibu na mtoto, au mara tu baada ya kumbeba kifuani. Homoni inayoyasukuma maziwa yatoke husikiliza akili: maumivu ya kidonda, hofu na maneno ya watu huizuia. Kwa hiyo apewe dawa ya maumivu kwa wakati, na ndugu wanaokuja kumuuliza "bado matone tu?" waombwe wakae nje. Tunasema hivyo kwa heshima zote.

Lengo lake ni kufikia mililita 500 au zaidi kwa siku atakapotimiza wiki mbili hivi, au hata baadaye kidogo. Linaonekana mbali ukilinganisha na 40 za sasa, lakini maziwa hayapandi kwa hatua sawasawa. Yanaweza kukaa pale pale siku mbili za ratiba kamili, kisha yakaruka. Akifuata ratiba hiyo siku nne na hakuna mabadiliko yoyote, amwone daktari. Akaguliwe kama kuna kipande cha kondo kilichobaki, hasa kama bado anatoka damu nyingi. Aulizwe kama alipoteza damu nyingi siku ya upasuaji. Zikaguliwe dawa anazotumia, pamoja na njia ya uzazi wa mpango kama ameshapewa. Vidonge vya kuongeza maziwa vipo, ila viandikwe na daktari, visinunuliwe dukani kwa kuelekezwa na jirani. Chakula ale vizuri, ndizi, maharage, uji, supu, na anywe kila akisikia kiu, lakini msitegemee supu ifanye kazi ya mkono. Na kama kuna anayemletea pombe ya kienyeji ili "ifungue maziwa", arudi nayo. Pombe hupunguza homoni ile ile inayoyasukuma yatoke.

Hata hizo mililita kumi zisidharauliwe. Ziende kwa mtoto kwanza, maziwa mengine yafuate kujaza kiasi. Muombeni nesi pia kuhusu kumpaka matone mawili matatu ndani ya mashavu kila baada ya saa tatu nne, hata kama mlo unapita kwenye mrija. Maziwa ya mama wa njiti yana protini na kinga nyingi kuliko ya mama aliyejifungua kwa wakati, na kinywa ni mlango wa kuipokea hiyo kinga.

Sasa tuje kwenye maziwa ya kuchangiwa.

Mjukuu wako ana shida mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni kunyonya. Kuvuta, kumeza na kupumua kwa mpangilio mmoja ni kazi ambayo watoto wengi huiweza wakifikia wiki 34 hivi za umri wa mimba, zikihesabiwa pamoja na siku za baada ya kuzaliwa. Yeye sasa yuko kwenye ya 32. Akilazimishwa titi au chupa, maziwa yanaweza kuingia mapafuni, na ndiyo maana ya mrija. Shida ya pili haionekani: utumbo wake haujakomaa. Ukuta wake bado unapitisha vitu visivyotakiwa kupita, unasukuma chakula polepole, na bakteria ndio kwanza wanahamia. Katika hali hiyo sehemu ya utumbo inaweza kuvimba na kufa. Ni ugonjwa unaoua njiti, na wanaopona baadhi yao hukatwa utumbo.

Maziwa ya binadamu huondoka tumboni haraka kuliko ya kopo, kwa hiyo hayakai yakichachuka. Yana sukari za aina maalumu ambazo mtoto mwenyewe hazimeng'enyi. Kazi yake ni kulisha bakteria wazuri na kuwazuia wabaya wasishike ukutani. Yana kinga inayopaka utando wa utumbo, na chembechembe zinazousaidia ukuta kukomaa. Tafiti zilizowalinganisha njiti waliopewa maziwa ya kuchangiwa na waliopewa ya kopo zimeonyesha kuwa wale wa kopo hupata ugonjwa huo wa utumbo karibu mara mbili. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linapanga hivi kwa mtoto mdogo kama wenu: kwanza maziwa ya mama yake, yasipopatikana, ya kuchangiwa yaliyo salama, yakikosekana hayo, ya kopo.

Lakini neno "salama" ndilo lililobeba mzigo wote. Benki ya maziwa si friji tu yenye chupa. Mchangiaji huulizwa kuhusu afya yake, dawa, sigara na pombe, kisha hupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Hukamua kwa utaratibu, maziwa hugandishwa, huyeyushwa, mara nyingi ya akina mama kadhaa huchanganywa, kisha hupashwa joto la nyuzi 62.5 kwa dakika 30 na kupoozwa haraka. Joto hilo linaua VVU na bakteria karibu wote, isipokuwa wachache wenye ganda gumu, na kwa hiyo sampuli hupelekwa maabara na chupa yenye mashaka humwagwa. Yaliyofaulu hukaa kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri mpaka daktari ayaandike kama anavyoandika dawa. Benki za namna hiyo zilianza Vienna mwaka 1909. Leo Brazili ina zaidi ya 200, Afrika Kusini inazo Durban na Cape Town, na jirani zetu Kenya walifungua yao katika hospitali ya Pumwani, Nairobi, mwaka 2019. Ulizeni daktari wa watoto kama kuna utaratibu wa kuyapata. Wala msinunue maziwa ya mama yanayouzwa na watu mitandaoni. Hamna namna ya kujua kama yameongezwa maji au ya ng'ombe.

Na msidhani maziwa ya benki ni sawa na ya mama mwenyewe. Joto huua seli hai za kinga na kimeng'enya kinachosaidia kumeng'enya mafuta, ingawa sukari zile hubaki nzima na sehemu nzuri ya kinga hubaki. Mafuta pia hupotea kila yanapohamishwa chombo, kwa kuwa hushika kwenye kuta. Isitoshe wachangiaji wengi ni akina mama wa watoto waliotimia, wenye umri wa miezi kadhaa, ambao maziwa yao yana protini chache, karibu gramu moja kwa mililita 100. Njiti wa ukubwa wa mjukuu wako anahitaji gramu 3.5 hadi 4 za protini kwa kila kilo kwa siku, na kwa mililita 160 kwa kilo maziwa hayo yatampa kama moja na nusu tu. Ndiyo maana wanaolishwa hivyo huongezewa kirutubisho maalumu ndani ya maziwa, na tafiti zile zile zinaonyesha kuwa watoto wa kopo huongezeka uzito haraka zaidi. Kwa hiyo ni daraja la kuvukia mpaka maziwa ya mama yafike. Penye benki, mama hupewa chupa ya leo na bado huulizwa amekamua mara ngapi jana.

Sasa mama mdogo. Moyo wake tunauheshimu, ila nesi alikuwa sahihi, na tungekushauri msimpe njiti maziwa yake mabichi.

Jambo la kwanza ni VVU. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta maambukizi kwa watu wa miaka 15 na zaidi ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati nchi nzima ni 4.4. Hatusemi mwanao anao. Tunasema kwamba kipimo cha kliniki alichopimwa akiwa mjamzito kimeshapitwa na muda, na hata cha leo hakioni maambukizi ya wiki chache zilizopita. Mtu aliyeambukizwa karibuni ndiye mwenye virusi vingi zaidi kwenye maziwa. Kuna pia virusi vingine vya kawaida, ambavyo watu wazima wengi wanavyo bila kuumwa na mtoto wa miezi mitano havimsumbui, lakini njiti vinaweza kumlaza hoi.

La pili ni hiyo kosta. Tuhesabu: akamue saa 11 alfajiri, gari lisubiri lijaze abiria, kilomita kama 70 na vituo vyake, kutoka stendi hadi wodini, kusubiri ruhusa ya kuingia. Ni saa 3 au saa 4 asubuhi. Maziwa yaliyokaa bila barafu mwisho wake ni muda wa saa nne tangu yakamuliwe, na hilo kwa mtoto mzima mwenye afya. Baridi ya Tukuyu isikudanganye. Ubaridi wa kushika mabega na friji ya nyuzi 4 ni vitu viwili tofauti, na dashibodi ya kosta ina joto lake.

Umesema zamani mlinyonyeshana watoto na wakakua. Ni kweli. Ila wale walikuwa watoto waliotimia, maziwa yalitoka titini kwenda mdomoni, hayakupita kwenye chupa, mrija wala stendi. Na VVU havikuwepo.

Huenda mtu akakuambia kuna njia ya kuyachemsha nyumbani. Ipo, na ilijaribiwa Dar es Salaam na akina mama wenye VVU waliopasha maziwa yao wenyewe kwa ajili ya watoto wao waliofikisha miezi sita. Maziwa, mililita 50 hadi 150, huwekwa kwenye chupa ya kioo iliyo wazi, chupa ikasimamishwa ndani ya sufuria ndogo yenye maji yanayopita usawa wa maziwa kwa vidole viwili. Moto mkali. Maji yakichemka kwa kububujika, chupa hutolewa mara moja, hufunikwa na kuachwa ipoe. Maziwa hufika kama nyuzi 72, na VVU hufa. Hata huku kwetu juu, ambako maji huchemka kabla ya nyuzi 100, joto hilo linafikiwa. Lakini hakuna maabara ya kuthibitisha kwamba chupa imefaulu, na joto haliondoi dawa wala pombe iliyomo. Kwa hiyo si ruhusa ya kuipitishia chupa kwa mlango wa nyuma wa wodi.

Daktari wa watoto akiona kopo linamshinda mtoto kabisa na hakuna njia nyingine, uamuzi wa kutumia maziwa ya ndugu ni wake pamoja na wazazi wote wawili. Mama mdogo atapimwa upya VVU, homa ya ini na kaswende, ataulizwa waziwazi kuhusu miezi mitatu iliyopita, tena faraghani, si mbele yako wewe mama yake. Utusamehe kwa hilo. Atakuja kukamulia pale pale hospitali, maziwa yatapashwa moto na kuandikwa jina, tarehe na saa. Na mtoto wake wa miezi mitano atashiba kwanza. Wasomaji wetu Waislamu wanajua kuna suala la udugu wa ziwa pia, kwamba watoto walionyonyeshwa na mama mmoja kwa masharti yanayojulikana hawaoani. Wazungumze na sheikh mapema na waweke kumbukumbu ya jina la mama.

Ipo kazi ambayo mama mdogo anaweza kuifanya hata kesho bila kipimo chochote. Abebe mtoto kifuani. Mtoto akiwa na nepi, kofia na soksi tu, ngozi kwa ngozi katikati ya matiti, miguu imekunjwa kama chura, kichwa kimegeuzwa pembeni, amefungwa kwa khanga au kitambaa kinachovutika. Shirika la Afya Duniani linataka saa 8 hadi 24 kwa siku, na mama mwenye kidonda cha upasuaji hawezi kuzimaliza peke yake. Utafiti uliochapishwa 2021, uliofanyika katika hospitali za nchi tano, Tanzania ikiwemo, ulionyesha kwamba kuanza mapema kubeba hivyo kunapunguza vifo vya watoto wadogo kama huyu. Mtoto aliyepoa hutumia maziwa yake kuwasha moto badala ya kukua. Joto lake likae kati ya 36.5 na 37.5. Zamu za baba, bibi na mama mdogo zinampa binti usingizi wa saa mbili kabla ya kukamua. Mwenye mafua au kikohozi asibebe.

Kuhusu maziwa ya kopo aliyonayo sasa: si sumu, na msiyakatae. Mtoto wa ukubwa huo akikaa na njaa huku ndugu wanajadiliana ni hatari kubwa kuliko gesi. Uzito kushuka kutoka 1450 hadi 1400 ni kawaida. Aurudie kati ya siku ya 10 na ya 14, halafu aongeze gramu 15 au zaidi kwa kila kilo kwa siku, yaani kama gramu 22. Kiasi cha maziwa huhesabiwa kwa uzito wa kuzaliwa mpaka aurudie. Kwa mililita 160 kwa kilo, inakuja 232 kwa siku, au 29 kila baada ya saa tatu. Akijaa gesi, muulizeni nesi kama inafaa kugawa mara 12, mililita 19 kila saa mbili. Angalieni pia namna anavyolishwa: sirinji iwe wazi, iinuliwe kidogo juu ya mtoto, maziwa yashuke yenyewe kwa dakika 10 hadi 15. Kuyasukuma kwa nguvu ili mlo uishe haraka ndiko kunakojaza tumbo na kutapisha. Nesi athibitishe mrija uko tumboni kabla ya kila mlo. Ndugu wasilishe bila kuelekezwa.

Gesi peke yake haitishi sana. Kinachotaka kumwita nesi saa hiyo hiyo ni tumbo lililovimba likang'aa na kuwa gumu, matapishi ya kijani, damu kwenye choo, mtoto kuacha kupumua kwa muda, kulegea, au kupoa hata akiwa kifuani.

Kadiri ya mama yanavyoongezeka, ya kopo yapunguzwe mililita kwa mililita. Kuanzia sasa, muda wa mrija ukifika, anaweza kuwekwa kwenye titi lililokwisha kukamuliwa, alambe na kujifunza bila kupaliwa. Baadaye kikombe kidogo: akae wima, ukingo uguse mdomo wa chini, maziwa yafike midomoni tu, alambe mwenyewe. Usimmiminie. Muulizeni daktari pia kuhusu vitamini D, na kuhusu dawa ya madini ya chuma atakapofikisha wiki mbili. Maziwa ya binadamu, ya mama au ya benki, hayamtoshelezi njiti kwa hayo mawili.

Tumalizie na ng'ombe wa ukweni. Maziwa yake yana protini zaidi ya mara tatu ya maziwa ya binadamu, nyingi za aina inayoganda kama jibini tumboni, na chumvi ambazo figo za njiti haziwezi kuzitoa. Yanaweza pia kuutoa damu utumbo. Kuyaongeza maji hakurekebishi, kunaleta tatizo jingine. Mililita 100 za maziwa ya mama zina nguvu kama kalori 67. Za ng'ombe zikigawanywa na maji nusu kwa nusu zinabaki na 32 hivi. Katika zile 232 za siku, mtoto angepata kalori 74 badala ya 155, wakati anahitaji zaidi ya 160. Angekufa njaa tumbo limejaa. Waambie wakwe wasiache kukamua, ila yachemshwe yaende wodini kwenye chupa ya chai, ayanywe binti yako ile saa 8 ya usiku.